Mtawala wa Kivukoni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zuwena aliokota nyuzi. Zilizagaa chini ya cherehani ya shangazi yake, Asmahani, barazani kwao Ngamiani: nyekundu, kijani, za rangi ya bizari, nyingine zimejiviringa kwenye miguu ya kiti kama zimekosa nauli ya kurudi kwao. Akishaokota alifagia, akanywa chai, akavaa viatu vyake vilivyokuwa vimeanza kucheka kwa mbele, akaaga.

"Umechana nywele, au umezipa likizo?" Shangazi Asmahani aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono.

"Nimechana, Shangazi."

"Basi kitana ndicho kilichokuwa likizoni. Haya, nenda salama."

Shangazi alikuwa mtu wa utani toka jogoo kuwika hadi taa kuzimwa. Zuwena alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye kona ya mtaa. Kutoka hapo hakuwa na wa kucheka naye. Alikuwa amekuja kutoka Pangani mwanzoni mwa muhula, mama yake alipokwenda Omani kufanya kazi. Baba yake alifanya kazi kwenye pantoni la kuvusha watu na magari mtoni, na zamu zake hazikuwa na mpangilio. Ndipo wakubwa wakaamua Zuwena akae mjini kwa shangazi yake. Waliamua vizuri, hakuna aliyekosea. Ila wao walimaliza kazi yao siku ileile. Kazi ya kukaa peke yake aliachiwa Zuwena.

Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wamegawana marafiki tangu darasa la kwanza, na hakubaki hata mmoja wa akiba. Saa ya mapumziko Zuwena alikula mihogo yake nyuma ya madarasa, akiutazama ukuta. Aliujua ukuta ule kuliko alivyowajua wenzake. Ulikuwa na ufa uliofanana na kamba wa baharini, na siku nyingine, akihakikisha hakuna mtu karibu, aliusalimia.

Siku moja alisikia kelele upande wa stoo ya zamani. Rahimu, mvulana mrefu aliyekaa mtaa wa Usagara, alikuwa amechora ramani kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji. Mchezo wenyewe aliuona kwenye kompyuta ya kaka yake. Kaka alirudi chuoni na kompyuta yake, lakini mchezo ulibaki kichwani mwa Rahimu. Askari walikuwa komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao.

Dola ya Rahimu ilianzia ukutani ikafika kwenye nguzo. Ng'ambo ya mto wa mkaa ilikuwa nchi ya Mlimani, ya Brightness, msichana ambaye wazazi wake walitoka Lushoto. Katikati, kando ya mto, palikuwa na kipande kiitwacho Kivukoni. Hakuna aliyekitaka. Kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukikikalia, kimekwisha.

"We mgeni!" Rahimu aliita. "Unacheza?"

Zuwena aligeuka kutazama kama kuna mgeni mwingine nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Sheria ni hizi," Rahimu alisema. "Wengi wanawala wachache. Anayetaka kuvuka mto aombe ruhusa kwa mwenye kivuko. Akilazimisha, nusu ya askari wake wanazama. Nchi ikiliwa inafutwa kwa kitambaa cha maji, na mwenyewe anatoka kwenye duara."

Katika maneno yote hayo Zuwena alilishika moja tu: duara. Watoto walikuwa wamekaa kuizunguka ramani, magoti yakigusana, na palikuwa na nafasi moja iliyomtosha. Akakaa.

Alipewa Kivukoni, na askari wake walienea kwenye kiganja. Watazamaji walimcheka, wakasema Kivukoni hakifiki Ijumaa. Lakini Zuwena alikuwa amekulia kwenye pantoni. Alijua kwamba lori la nazi na bibi mwenye kuku wake huvuka pamoja, na kwamba watu wa pande zote mbili hulihitaji pantoni hata wakiwa hawasalimiani. Akatangaza kwamba mizigo ya kila mtu itavuka, ila jeshi la mtu yeyote, hapana.

"Nikikuvamia?" Rahimu aliuliza, akizichezesha komwe zake.

"Utanimeza. Lakini nusu ya askari wako watazama, na Brightness anakutazama."

Brightness alitabasamu. Rahimu alirudisha mkono. Kivukoni kilikuwa mfupa wa samaki: kidogo, ila humezi bila kufikiri mara mbili. Zuwena alijua pia kwamba akimpa mmoja njia, huyo atamla mwenzake leo na kumla yeye kesho. Akawaacha wakubwa watazamane. Ijumaa ikapita, na Kivukoni bado kipo.

Sasa wakaanza kumbembeleza. Rahimu alimmegea kashata. "Zuwena, njoo ukae huku. Brightness anapanga nini?"

Zuwena alikuwa amemsikia Brightness akinong'ona na wenzake. Alijua hapaswi kusema. Lakini Rahimu alikuwa amemwita kwa jina. Si "we mgeni", bali Zuwena.

"Anakusanya askari karibu na mto," akasema.

Rahimu akampigapiga begani. Kesho yake Brightness akamshika mkono, wakazunguka uwanja mzima kama watu waliozaliwa nyumba moja, na kabla hawajafika bombani Zuwena alikuwa amemwambia alichopanga Rahimu. Ikawa hivyo siku hadi siku. Kila siri aliyoitoa ilimnunulia nafasi ya kukaa karibu na mtu. Alirudi nyumbani akiimba.

"Leo kuna nini? Cherehani imepata mshindani," Shangazi alisema.

"Nina marafiki, Shangazi."

"Alhamdulillahi. Nao wanajua kwamba wewe ni rafiki yao?"

Zuwena hakulielewa swali hilo mpaka siku Rahimu na Brightness walipoweka mtego mahali pamoja, kwa wakati mmoja, kila mmoja akijua mwenzake angepita hapo. Jeshi likakuta jeshi limejificha nyuma ya kilima kimoja. Watoto waliangua kicheko. Rahimu naye akacheka, halafu akamgeukia Brightness.

"Nani kakwambia ningekuja hapa?"

"Na wewe nani kakwambia?" Brightness aliuliza.

Wote wawili waligeuka, na duara zima likageuka nao. Zuwena alitamani Kivukoni kiwe kidogo zaidi, kimfunike.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Yako nilimwambia yeye, na yake nikakwambia wewe. Nilitaka mkae na mimi."

"Kumbe ulikuwa unatuchezea sisi, si mchezo!" Brightness alisema, machozi ya hasira yakimlengalenga.

Dola mbili zilifanya amani papo hapo. Rahimu alichovya kitambaa kwenye kopo la maji, akapitisha mara moja tu. Nchi ndogo haihitaji kufutwa mara mbili. Zuwena aliinuka, na waliokaa kulia na kushoto kwake wakasogeleana, pengo likajiziba.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zile za mwanzo. Mwanzoni hakujua magoti ya wenzake yana joto gani. Alirudi kwenye ukuta wake, akala mihogo yake, na hata ule ufa hakuusalimia. Nyuma ya stoo kelele zilikuwa zikisikika, na kila mara kicheko kilipopanda aliacha kutafuna ili asikie wanachekea nini.

Alasiri moja, Zuwena akikunja vitambaa barazani, alifika Bi Shadya, kiongozi wa kikundi kikubwa cha akina mama wa mtaa. Kulikuwa na harusi inakuja. Kikundi chake na kile kidogo cha mtaa wa pili vilikuwa vikishindana kwa sare, na vyote viwili vilishonesha kwa Shangazi Asmahani.

"Asmahani, wenzetu wanashona nini safari hii?"

"Nguo," Shangazi alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga pedeli.

"Najua nguo! Rangi gani?"

"Rangi ya kuvalia."

Bi Shadya aliguna. Shangazi alipoingia ndani kuchukua pasi, mgeni akatoa pakiti ya ubuyu mkobani. "Zuwena, njoo mwanangu, kaa hapa karibu yangu. Mbona umekonda? Huna wa kuzungumza naye, masikini. Hebu niambie, ni ile ya zambarau, au siyo?"

Ubuyu ulinukia iliki. Lakini kilichomvuta Zuwena ni ule mkono uliopapasa jamvi, *kaa hapa karibu yangu*. Tangu afutwe, hakuna mtu wa nje aliyemwambia hivyo. Akakaa. Akafungua mdomo. Akakumbuka kitambaa cha maji kikipita juu ya nchi yake.

"Wanashona nguo, Bi Shadya," akasema.

Bi Shadya alimkazia macho, kisha akacheka mpaka bangili zikalia. "Mmefundishana! Haya, Asmahani, chukua vitambaa vyangu. Na huyu mtoto wako kachelewa kuzaliwa, angekuwa mkubwa ningemkabidhi kibubu changu cha akiba." Ubuyu aliurudisha mkobani, maana ukarimu nao una mipaka yake.

Huko shuleni mchezo ulikuwa umepoteza chumvi. Bila kivuko, Rahimu alikuwa akivuka, anakula, anamaliza, halafu wanachora upya, anakula tena. Hata yeye alichoka kushinda.

Siku moja alimfuata Zuwena bombani. "Sikia. Kesho nampita Brightness kwa nyuma, njia ya mashambani. Usimwambie mtu." Akaondoka.

Kengele haijagongwa, Brightness akatokea na barafu mbili za ukwaju. "Chukua moja. Twende tukakae kivulini, tuwe kama zamani. Rahimu alikuwa anakwambia nini?"

Barafu ilianza kudondoka matone. Zuwena aliyatazama. Ni neno moja tu, na angetembezwa tena uwanja mzima akiwa ameshikwa mkono.

"Anapanga kucheza," akasema, na kuanza kuondoka.

"Rahimu!" Brightness alipaza sauti. "Njoo! Hakusema!"

Rahimu alichomoza nyuma ya tangi la maji alikokuwa amejibanza, kipande cha mkaa mkononi. Hakuomba radhi, wala hakusema maneno mengi. Alisema tu, "Twende ukachore mwenyewe mpaka wako. Mimi nilikuwa nakukosea nikiuchora upande wa mto." Brightness akamkabidhi ile barafu, iliyokuwa imebaki nusu.

Jioni hiyo Zuwena alimsimulia shangazi yake yaliyompata, tangu kashata hadi barafu. Shangazi alisimamisha cherehani, jambo ambalo hakulifanya hata umeme ulipokatika, kwa kuwa cherehani yenyewe ilikuwa ya miguu.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi ni fundi mdogo katikati ya akina mama wakubwa. Wakitaka kunimaliza, ni kuhamisha vitambaa tu. Mbona hawahamishi? Kwa sababu kila mmoja anajua ninavyomfichia mwenzake ndivyo ninavyomfichia yeye. Ukiwa mdogo huna jeshi, una neno lako. Ukiligawa ili upendwe, anayelipokea anafurahi leo, na kesho anakuogopa. Ukilitunza kwa wote sawasawa, hata mkubwa atataka uwepo. Rafiki wa kununuliwa kwa siri za watu hakai. Anayekaa ni yule anayejua siri yake iko salama kwako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Vizuri." Shangazi alitunga uzi kwenye sindano, akainama karibu, akanong'ona, "Sasa hebu niambie, huyo Rahimu kesho anapita njia gani?"

Zuwena alimtazama usoni.

"Anapanga kucheza, Shangazi."

Shangazi Asmahani alicheka mpaka uzi ukachomoka sindanoni, na Zuwena akainama kuuokota.