Zabibu Si Kahawa

Kagure alichuma zabibu zake kama alivyochuma kahawa tangu utotoni. Alifunga kikapu kiunoni, akapita mstari kwa mstari, akatoa punje nyekundu moja moja. Za kijani aliziacha zingoje. Kwenye kiwanda cha kahawa, karani hakuwahi kumrudishia hata punje moja, na jambo hilo alipenda kulitaja.

Lakini kwenye kiwanda kidogo cha divai karibu na Kiganjo alirudishwa. Barnabas Wandera, mpokeaji wa zabibu, alichungulia debe lake akasema ni chachu. Ilikuwa mara ya pili msimu huo.

Nyumbani, mumewe Muriithi hakugomba. Alitoa jembe tu, akaliegemeza mlangoni. Alisema miaka mitatu imetosha. Jumamosi angeng'oa mizabibu yote apande kahawa, kama kila mtu Nyeri mwaka ule wa 1977.

Kagure hakumkasirikia Muriithi. Alimkasirikia Wandera, ambaye hakuonja hata punje moja. Ijumaa alibeba debe lile lile, akalitua mbele yake.

"Umenirudisha kwa macho," alisema. "Leo onja."

"Mama, hata nisipoonja..."

"Onja, Bwana Wandera. Nimetoka mbali."

Wandera akaonja. Uso ukamkunjamana. Akamwomba Kagure naye aonje. Mdomo ulimkauka kama aliyeuma ndizi mbichi, lakini kwa ukaidi akameza.

"Ni nyekundu," alisema.

"Ndiyo, ni nyekundu. Nani alikuambia nyekundu imeiva?"

"Kahawa."

Wandera alianza kucheka. Alipoona uso wa Kagure, akaacha.

Alimweleza polepole. Zabibu hiyo inaitwa Merlot. Asili yake ni Ufaransa, upande wa mji wa Bordeaux. Kule kuna ndege mweusi, na husemwa kwamba zabibu ilipewa jina lake. Wengine husema ni kwa sababu ya weusi wake, wengine kwamba ndege huyo huila kabla ya mkulima. Watu wa nchi nyingi wanaipenda kwa kuwa divai yake ni laini, haikwaruzi ulimi. Lakini lazima iive. Wekundu ni mwanzo tu. Sukari huja wiki kadhaa baadaye, punje ikiwa nyeusi. Ukitafuna mbegu, iwe ya kahawia, si ya kijani. Kisha unakata kichala kizima. Na ukishaikata haiivi tena, hata ukiifunika kwa gunia kama ndizi.

"Ndege wamekula zako?" akauliza.

"Hawajagusa. Nilimshukuru Mungu."

"Ndege wanajua, mama."

Kagure alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Maneno haya umekuwa nayo miaka mitatu? Mlituuzia miche. Mkatuonyesha kuchimba shimo na kufunga waya. Siku ya kuchuma mkanyamaza, mkatungojea hapa langoni mturudishe. Jirani yangu Watiri ameng'oa mizabibu yake yote. Ati tungejuaje?"

"Hamkuuliza."

"Mtu huuliza jambo ambalo anajua halijui. Sisi tulidhani tunajua."

"Kosa ni letu," alisema Wandera.

"Basi usiniambie mimi peke yangu. Kesho asubuhi uko na kazi shambani kwangu. Waambie wote, na uanze na Muriithi. Yeye ako na jembe."

Wandera alikuja. Wakulima tisa walikuja pia, nao hawakumwonea haya. Kila mmoja alitaka kujua debe lake lililokataliwa na kumwagwa litalipwa na nani. Aliwajibu mmoja mmoja, na Muriithi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua jembe, akalirudisha stoo.

Punje zilizobaki mizabibuni ziliachwa ziive. Wiki ya tano ndege wenye mikia mirefu walishuka shambani, na Muriithi akaifunika mizabibu kwa magunia ya zamani. Kagure alitafuna mbegu. Ilikuwa ya kahawia.

Langoni, Wandera hakuchungulia debe. Alitia punje mdomoni, akatema mbegu kiganjani, akaitazama.

"Imeiva," alisema.

"Sema kwa nguvu. Wenzangu walioko nyuma hawasikii."

Akarudia, kwa nguvu.

Msimu wa kupogoa ulipofika, Kagure alikusanya vijiti vizuri vya mizabibu vya kupanda, akampelekea Watiri. Watiri aliuliza shimo liende chini kiasi gani.

"Shimo baadaye," alisema Kagure. "Keti kwanza nikuambie siku ya kuchuma."