Mashamba Arobaini na Moja juu ya Bati

Kila asubuhi ya likizo Ornella alifagia ua, akachota maji kwenye bomba la jirani, kisha akamsaidia mama yake kutandaza kahawa juu ya meza za kukaushia. Yote hayo aliyafanya amebetua midomo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza mwaka wa saba akiwa wa kwanza darasani, na tangu siku ile hakuona tena sababu ya mtu kama yeye kuchafua mikono.

Mama yake, Mama Régine, alikuwa katibu wa ushirika wa wakulima wa kahawa wenye mashamba kwenye vilima vya nje ya Bunia. Wakulima hao walikuwa arobaini na mmoja, wengi wao wazee, na Ornella aliwadharau wote kwa jumla. Waliweka sahihi kwa dole gumba. Walipiga kelele kwenye simu kana kwamba anayewasikiliza yuko ng'ambo ya bonde. Aliyemchosha zaidi ni Koko Jemima, bibi mwenye ulimi mkali na shamba dogo kuliko yote, ambaye kila alipofika aliuliza maswali kumi kabla ya kukaa.

Mwaka huo kulikuwa na kazi mpya. Wanunuzi wa Ulaya walisema hawatapokea tena gunia wasilojua limetoka shamba gani, wasije wakanunua kahawa iliyopandwa mahali pa msitu uliokatwa. Basi Kongo na Uganda zikakubaliana kuweka daftari moja la mashamba ndani ya kompyuta, na ofisi moja Kampala ya kulitunza. Wakubwa walikutana hotelini, wakahutubu siku mbili kuhusu uvumbuzi na kuaminiana, wakapiga picha, wakala kuku, wakaondoka. Kazi yenyewe waliwaachia wenye miguu. Mtu aende na simu katika kila shamba, asimame katikati, aandike jina la mwenye shamba na kubonyeza kitufe. Simu ingejua yenyewe mahali aliposimama.

Mama Régine hakuweza kuiacha kahawa juani, akamkabidhi binti yake simu na orodha ya majina.

"Weye ndiye unajua mambo ya simu," alimwambia. "Uko na siku tatu. Fika kila shamba, hata ile ya mwisho."

"Ndiyo, mama."

Ornella alifika mtaa wa Mudzipela, nyumbani kwa rafiki yake Dorcas, na safari yake ikaishia hapo. Dorcas alikuwa fundi wa kusuka nywele. Ornella alikaa kwenye kiti kifupi barazani, kichwa kikisukwa, kidole kikibonyeza jina baada ya jina.

"Hauendi ku mashamba?" Dorcas aliuliza.

"Kufanya nini? Mutu wa Kampala atajua mimi iko wapi? Atapanda kilima kuhesabu miti ya ba koko?"

"Lakini mama yako alisema..."

"Suka tu."

Na huyu ndiye msomi wetu. Simu ilitumwa kwa sababu inajua ilipo, na binti wa kwanza darasani hakuliwaza hilo hata dakika moja. Mashamba arobaini na moja yalikwisha kabla ya nywele. Siku mbili zilizobaki alizimaliza kwa Dorcas akitafuna miwa, na kila jioni alirudi nyumbani akiwa amejipaka vumbi miguuni kwa mikono yake mwenyewe. Mama yake alimwonea huruma, akampashia maji ya kuoga.

Jumatatu ya wiki iliyofuata wakulima walikusanyika uani kufunga magunia. Lori la kwenda Uganda lilikuwa liondoke Jumamosi. Simu ya Mama Régine ikalia. Alikuwa Papa Fabien, Mkongo anayefanya kazi katika ile ofisi ya Kampala. Mama Régine aliongeza sauti ili wote wasikie, akidhani ni habari njema.

"Mama Régine, kahawa yenu inaota wapi?"

"Ku vilima, papa. Kwa nini?"

"Hapa ku picha ya satelaiti ninaona bati. Mashamba yote arobaini na moja iko juu ya paa moja ya Mudzipela. Wenzangu banacheka tangu asubuhi. Bananiuliza kama siye Bakongomani tunalima kahawa juu ya bati."

Hakuna aliyecheka pale uani.

"Ni réseau," Ornella alisema haraka, akiusingizia mtandao. "Ilikuwa mubaya siku ile."

"Nani huyo? Mwambie simu inaandika saa pia. Mashamba arobaini na moja, dakika makumi tano. Hata pikipiki haiwezi." Sauti ya Papa Fabien ikashuka. "Mama, bamefuta majina yenu yote. Musipopima upya mbele ya Ijumaa, lori itaondoka bila kahawa yenu."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Bila lori, magunia ya familia arobaini na moja yangeangukia mikononi mwa walanguzi wa barabarani, ambao humpa mkulima bei wanayoitaka wao. Watoto wengi wa vilima vile wasingerudi shuleni Septemba.

Mama Régine hakumtazama hata binti yake. Aliwaambia wakulima kwamba katibu ni yeye, kwa hiyo kosa ni lake, akainamisha kichwa mbele yao. Ornella hakuweza kulivumilia hilo.

"Si mama," alisema. "Ni mimi. Nilikaa kwa Dorcas, nikabonyeza yote pale pale."

Hakuna aliyemsifu kwa kukiri. Koko Jemima alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Nywele iko muzuri," alisema. "Kesho utanifuata. Nitakuonyesha mipaka, maana weye uko na simu lakini hauna macho."

Walitembea Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ornella alichubuka visigino, akateleza kwenye miteremko, na Koko Jemima hakumhurumia hata kidogo. "Hapa ni kwa Josaphat," alimwambia. "Angalia vizuri, usiandike jiko yake." Wakulima walikuwa wamesikia kwamba watu wa mbali wanawatazama kutoka angani. Basi walinawa uso, wakavaa mashati ya Jumapili, wakasimama wima katikati ya kahawa zao wakingoja kuonekana. Mara ya kwanza Ornella alitaka kucheka. Kufikia shamba la tano aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Shamba la mwisho lilikuwa la Koko Jemima mwenyewe, miti thelathini kwenye mteremko mkali. Ornella alipanda hadi katikati bila kuambiwa, akabonyeza.

Ijumaa Papa Fabien alipiga tena, wakulima wakiwa uani. Majina yamerudi, kahawa itapakiwa. Ila alama za mashamba ya Bunia zitakaguliwa mara mbili msimu mzima, na kila shamba litahitaji picha yake. Ushirika mwingine wowote haukuombwa hivyo.

"Lakini sasa yote ni kweli," Ornella alilalamika.

"Nani atajua?" Koko Jemima alisema. "Ulibaonyesha kwamba unaweza kudanganya, sasa banangoja mara ya pili. Sikia, mutoto. Mutu wa Uganda hajui sura yangu. Mutu wa Ulaya hajui hata jina ya hii kilima. Bote banatuona kupitia kidole yako tu. Uliponiweka ku bati, haukunitukana. Ulinifuta. Nilikuwa mutu asiyekuwako, mimi na hawa wote. Ukipewa kazi ya kusema kweli kwa batu wasiokuona, ndipo ufike kwa miguu yako mwenyewe."

Ornella aliinamisha kichwa. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Koko, mwaka ujao nani atapima?"

"Weye," Koko Jemima alijibu, "na mimi nitakuwa nyuma yako."