Chumba Kisicho na Kibali

Kabla ya alfajiri mlango wa chumba cha juu ulifunguka wenyewe, ta, kama kila siku tangu mshonaji anunue nyumba ile. Aliyemuuzia alisema ni upepo tu.

Mshonaji alikutana na mkaguzi wa majengo kwenye foleni ya benki, watu wamejaa hadi mlangoni. Kila mmoja alikuwa na chake shingoni: yeye tepu ya kupimia nguo juu ya gauni la kijani, bwana yule kitambulisho cha kazi.

"Unabomoa nyumba za watu, na pindo la suruali yako limebomoka?"

"Ndiyo maana nimesimama nyuma ya mshonaji."

Mkaguzi alipokwenda kwake kuchukua suruali iliyoshonwa pindo, akakaribishwa juu kunywa chai. Kifungo kikamponyoka mshonaji, kikabiringika, kisisimame mpaka dirishani. Mkaguzi akakitazama, kisha akaitazama sakafu. Alimaliza chai, akaosha kikombe chake, akamsihi asilale chumba kile, akaaga.

Siku ya tatu akaja mkaguzi mwingine na faili. Chumba kilijengwa bila kibali, na ukuta wa chini uliokibeba ulivunjwa ili sebule ipanuke. Asipoweka nguzo na kupata kibali ndani ya mwezi, kitabomolewa. Na cherehani zake zote zilikuwa humo. Riziki yake ilikuwa humo.

Akampigia simu yule mkaguzi wa kwanza. "Umekunywa chai yangu, kisha ukaenda kunichongea."

"Mpenzi, sakafu ile itakuua. Mengine siruhusiwi kuyasema."

"Usiniite mpenzi."

Wiki tatu hakupokea simu zake. Mafundi wakainyanyua sakafu kwa jeki, wakasimamisha nguzo, naye akaenda dirisha la vibali. Mama wa dirishani akamgeuzia faili atie sahihi. Juu palikuwa na karatasi yenye mwandiko wa yule bwana, tarehe ya siku ile ya chai. Penye sababu ya kumwachia mwenzake kazi, aliandika: "Nampenda mwenye nyumba. Sifai kumkagua."

Yule mama akamsogezea kiti.

Kesho yake jioni mkaguzi aliitwa, akapanda ngazi na suruali ile ile, pindo limenyooka. Mshonaji akakibiringisha kifungo. Kikazunguka kidogo, kikalala palepale.

"Nilitaka kukwambia," mkaguzi akaanza.

"Ulishaandika."

Wakanywa chai. Mshonaji akamsindikiza mpaka mlangoni, akamrekebishia kola ambayo haikuwa na kasoro.

"Mgeni siku mbili," akasema. "Njoo tena kesho, iwe ya tatu, nikupe jembe."