Shikamoo ya Siwema

Taa iliwaka, kidole kikabonyeza. Ikawaka tena, kikabonyeza. Mara arobaini, na kila mara ni milisekunde mia tatu na kumi na mbili, si pungufu wala zaidi. Kichwani mwa Siwema, msichana wa miaka kumi na mmoja, kofiabongo ilikuwa ikisikiliza umeme mdogo wa ubongo wake na kuuchora ukutani, mstari ulionyooka kama wa rula. Mafundi wa kituo kile cha Morogoro wakapiga makofi.

Mama yake hakupiga.

"Dakta," alimwambia Mwavita Kobelo, aliyeibuni kofia ile, "umeingia hapa na mwanangu hajakuamkia."

"Yuko kazini, mama."

"Kazini! Siwema huyu alikuwa anamwamkia hadi muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Tangu mmfunge hicho kidude, mwaka wa nne huu, hata mimi mama yake haniamkii. Mmemfanya nini mwanangu?"

Kidude chenyewe ni kitulizi, kisahani kama kifungo cha shati, kimebandikwa nyuma ya sikio. Kila ubongo ulipotaka kutangatanga, kiliurudisha. Watoto elfu sita mjini walikuwa nacho.

Swali lile lilimkera Mwavita. Kwa kukereka huko akafungua kumbukumbu ya jaribio la kwanza, Siwema akiwa na miaka saba, amwonyeshe mama huyu jinsi binti yake alivyokuwa ovyo. Kwenye picha taa inawaka, mtoto anabonyeza upesi. Fundi anapita nyuma yake. "Shikamoo!" Kidole kinachelewa. Mwingine anapita na chupa ya chai. "Shikamoo!" Kinachelewa tena. Ukutani, wimbi la ubongo linaiacha taa, linamwendea mtu, linarudi. Kofiabongo iliyajumlisha yote ikatoa hukumu: mtawanyiko mkubwa, yaani kasi isiyo sawa; ubongo mgonjwa, afungwe kitulizi.

Mgonjwa! Sasa Mwavita aliona. Jamani, mtoto ana adabu zake!

Na lililomchoma zaidi Mwavita ni kwamba alijua tangu mwanzo. Kipimo alikitunga kwa vijana wa chuo wa miaka ishirini, maana ndio waliokuwa karibu, tena katika chumba kisichopitwa na mtu. Mtoto yeyote huyumba, sasa hivi upesi, baadaye kidogo polepole, kwa sababu ubongo wake bado unatafuta njia. Hutulia ujanani, na uzeeni huanza kuyumba upya. Haya yote aliyajua. Pembeni mwa ripoti aliandika, "Tutarekebisha baadaye," kisha akavishwa nishani, akasahau. Na wa kumkasirikia kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Hapo akaingia Mkurugenzi Luhende, mzee wa miaka sitini na miwili, meno yote nje.

"Takwimu safi kabisa, Dakta! Mwaka ujao tunawafunga vitulizi watoto wa nchi nzima."

"Kaa."

"Nini?"

"Nimesema kaa!"

Mwavita akaivua kofiabongo kichwani mwa Siwema, akamvika mzee kwa mkono wake, mafundi wakibaki vinywa wazi. Taa ikawaka. Mara mzee anabonyeza upesi, mara anachelewa. Fundi mmoja alipomwamkia kwa woga, akajibu "Marahaba" na taa ikampita kabisa. Kofia haijui cheo. Ikatangaza kwa ile sauti yake tamu: "Mtawanyiko mkubwa. Afungwe kitulizi."

Luhende aliing'oa, akaitupa mezani. "Upuuzi mtupu! Mimi ni mtu mzima!"

"Na wangu alikuwa mtoto," alisema mama Siwema.

Mwavita aliusogelea mtambo mkuu, akaingiza neno lake la siri na kuvizima vitulizi vyote elfu sita kwa mpigo, huku mkurugenzi akifoka nyuma yake kwamba atamfukuza kazi. Amfukuze! Kisha akarudi kwa Siwema, akakibandua kile kisahani taratibu. Ngozi ya chini yake ilikuwa nyeupe.

Mwavita alipiga magoti, yeye mkubwa, akatangulia kusalimu.

"Siwema, mwanangu. Hujambo?"

Msichana alimkodolea macho usoni, akingoja kitu kiwake. Kisha akanyoosha kidole hewani, akipapasa mahali pa kubonyeza.