Kioo Hakiiti Radi

Tumsifu alikanyaga nyayo mbili zilizochorwa kwa rangi nyeupe mbele ya duka la mbegu, akainua uso, na barabara nzima ikamjia kwa vipande.

Ilikuwa siku ya gulio, Bariadi imejaa pikipiki, magunia ya mpunga na akina mama wa Kalemela na dagaa wao. Juu ya milango, kwenye nguzo, chini ya mapaa, palibandikwa vioo, kingine kikubwa kama sinia, kingine kama kiganja, kila kimoja kimeinamishwa kivyake. Ukisimama kwingine, viliparaganyika. Kwenye zile nyayo, vilikubaliana. Aliona cherehani iliyokuwa nyuma yake, aliona sufuria ikichemka ndani ya uchochoro, na katikati ya vyote akajiona mwenyewe katika shati la bluu la kampuni, na begani kwake msichana anayecheka.

"Mwangaluka," akakisalimia kioo.

"Hiyo ni ya asubuhi," kioo kikajibu. "Saa hizi ni mwadila. Na mimi niko nyuma yako, kaka. Geuka."

Akageuka. Ndaki alikuwa amefunga kitenge cha njano juu ya jinzi, mikononi glavu za ngozi, nywele amesuka twende kilioni, na chenga za kioo zilimetameta humo kama mafuta.

"Wewe ndiye uliyeichanachana barabara ya watu?"

"Nimeiunga. Ilichanika zamani, hamkuwa mnaona tu." Akanyoosha kidole. "Mama Specioza anapika kule uchochoroni, kutwa haoni anayepita. Nikamwekea kile. Sasa mteja akiwa bado pale kwa kinyozi, sahani imeshapakuliwa."

Hakuna aliyemtuma. Alikuwa fundi kwenye duka la madirisha, na vioo vile vilikuwa masalia aliyookota chini ya meza ya kukatia. Barabara hiyo imeahidiwa taa, mitaro na lami na watu ambao bado tunakumbuka hata rangi ya suti walizovaa. Aliyeipa kitu alikuwa binti mmoja na ngazi ya kuazima, na aliyemshikia ngazi alikuwa Ngeleja, mbeba magunia wa ghalani, ambaye kila asubuhi alichana nywele mbele ya vile vioo huku akiomba radhi kwa kuwapendeza watu bila idhini yao.

Mapenzi hayakuchelewa. Tumsifu alikuwa mgeni, fundi umeme kutoka Machame, aliyeajiriwa na kampuni ya kununua pamba ambayo ghala lake la mabati lilisimama mwisho wa barabara, refu kuliko kila kitu. Simu ilikuwa haipoi.

"Umekula?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda tena. Nikikuoa nitakupikia mtori."

"Ndizi za kupondaponda, kama za mtoto asiye na meno? Baki nazo, mpenzi. Kwetu asiyeweza mlenda hapewi mke."

"Basi niletee bakuli kesho, nianze mazoezi."

Mvua za kwanza zikaja Novemba, mchana.

Kwenye nyumba za huku, radi ikianza kunguruma kioo hufunikwa kanga au hugeuziwa ukutani, kisije kikaiita. Ndaki mwenyewe, pamoja na ufundi wake, alifunika cha chumbani kwake, kwa sababu mama yake alifunika na bibi yake alifunika. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa duka akatazama vioo vyake vya barabarani. Kila kimoja kilikuwa kimejaa wingu jeusi. Akawaza, kanga zote hizo nitazitoa wapi. Akawaza pia, ni upuuzi tu. Mwanga ukapiga, masikio yakaziba, na watu wakaanza kukimbilia ghalani.

Ngeleja alikuwa amejibanza chini ya paa, mgongo kwenye mabati, akisubiri mvua ipungue amalizie kupakia mbegu. Radi ilimuua hapohapo.

Ndaki alipiga simu. "Tumsifu, ni vioo?"

"Niko na wakubwa hapa."

"Niambie hilo tu. Ni vioo vyangu?"

"Mambo yatulie kwanza, mpenzi. Tutaongea." Akakata.

Sasa sikilizeni alichokuwa anakijua Tumsifu. Ghala lilikuwa na kinga ya radi, na waya wa shaba wa kuishusha ardhini ulikuwa umekatwa na wezi tangu msimu wa mavuno. Aliripoti. Akaambiwa utanunuliwa. Akaripoti tena, akaambiwa asiwe msumbufu. Na mchana ule, maiti ikiwa bado haijaondolewa, aliambiwa kwa upole kabisa kwamba habari ya waya ni ya ndani.

Msibani kampuni ilileta sanduku, mchele na msemaji aliyesema ni kazi ya Mungu. Mektilda, mke wa marehemu, alinyanyuka kutoka kwenye mkeka.

"Mungu tumwache," alisema. "Radi uliiita wewe, Ndaki. Vioo vyote vile, na hukufunika hata kimoja. Nilikuwa nahesabu wewe ni mdogo wangu."

Watu wote wakamgeukia Ndaki. Hii ni nchi iliyokata mapanga bibi zake kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa samadi waliyopikia watoto wa haohao waliowakata. Tunajua neno la namna ile likiachwa hewani linatua wapi. Ndaki alimtafuta Tumsifu. Akamwona, kati ya wakubwa wake, shati la bluu limepigwa pasi, macho yake yako chini kwenye viatu.

Kesho yake alibandua vioo vyote peke yake. Safari hii hapakuwa na wa kushika ngazi. Mama Specioza aliomba aachiwe kile cha uchochoroni, akajibiwa kwa kutikisa kichwa tu.

Simu za Tumsifu hazikupokelewa tena. Mwaka mpya ulipoingia alimfuata nyumbani, akamkuta anachambua choroko uani, amekonda, kitenge kimezunguka kiuno mara mbili.

"Nimepata uhamisho wa Mwanza," alisema. "Twende wote. Nitaleta wazee wangu kwa baba yako, nimeshaongea nao. Ndaki, mimi nimekosa usingizi."

"Utamuoa aliyeua mtu?"

"Nani ameua? Kioo hakiiti radi. Radi inafuata kirefu, inafuata chuma. Na waya wa ghala ulikuwa umekatwa, haikuwa na pa kushukia. Wewe fundi vioo, si unajua hayo?"

Ungo ukasimama magotini pake.

"Ningejua wapi?" aliuliza polepole. "Mimi najua kukata kioo. Nilidhani umenyamaza kwa sababu na wewe unaona ni mimi."

"Hapana. Nilidhani unaogopa watu tu."

"Nilikuwa nikifumba macho namwona Ngeleja, Tumsifu. Kila siku. Nimeacha kwenda kanisani. Na dawa yangu ulikuwa nayo mdomoni."

Akalia, na Tumsifu akalia, na kwa muda walikuwa wameshikana mikono juu ya choroko kama wachumba wowote. Kisha Ndaki akafuta uso kwa upindo wa kitenge.

"Maneno hayo ukamwambie Mektilda."

"Watanifukuza kazi."

"Najua, baba. Twende."

Alikwenda. Nampa haki yake hiyo. Mlangoni kwa Mektilda alisema yote, kirefu, chuma, shaba iliyoibiwa. Mektilda alisikiliza huku anakunja nguo za mtoto.

"Huo waya ulijua haupo tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Ngeleja akiwa mzima."

"Ndiyo, dada. Niliripoti."

"Kwa wakubwa. Na kwa Ngeleja, aliyekuwa anajikinga pale kila mvua, ulimwambia?"

Tumsifu akatazama viatu vyake. Ndaki, aliyekuwa amesimama karibu naye kiasi cha mikono yao kugusana, alimgeukia akamtazama, na alikuwa bado anampenda. Hilo lilikuwa usoni wazi kwa yeyote.

Mektilda alisogea kwenye mkeka, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Ndaki, mdogo wangu. Njoo ukae."

Ndaki alivua ndala, akaingia, akakaa. Tumsifu alibaki kizingitini, jua likimpiga mgongoni, akisubiri na yeye akaribishwe. Walikuwa wanakunja nguo, mmoja ameshika huku, mwingine kule, wanakutanisha pindo. Alisubiri mpaka nguo zikaisha.