Mbwa Aliyewajua Watu kwa Viatu Vyao

Fundi viatu alifungua kibanda chake asubuhi mapema. Kibanda kilikuwa ndani ya ua wa nyumba yake, karibu na geti. Alipanga nyundo, sindano na kopo la gundi. Kisha akakaa kusubiri wateja.

Zamani benchi lake halikukosa watu. Mke wake alikuwa mcheshi, na wengine walileta viatu vizima kabisa ili wapige soga tu. Mke alipofariki, nyumba ilipoa. Fundi akachukua mtoto wa mbwa, wa aina ile ya kuchunga kondoo, mwenye masikio wima. Akamwita Komeo.

"Mbwa wa ulinzi hatakiwi kuzoea watu," alijiambia. Basi akamfungia nyuma ya nyumba tangu udogo wake. Komeo hakumjua mtu mwingine. Alikua akawa mkali kama pilipili, akafungwa kamba uani karibu na geti. Wateja wakaanza kurusha viatu juu ya geti na kutoa maagizo wakiwa barabarani. Wengine waliacha kuja. Fundi alikula peke yake na kujibizana na redio. Upweke ulimkaba.

Mgeni wake alibaki mmoja, dada yake mkubwa. Siku moja Komeo alikata kamba, akamrukia dada na kurarua sketi yake. Dada alitoka nje ya geti ameshikilia sketi iliyochanika.

"Mdogo wangu, nakupenda," alisema. "Lakini mbwa huyu akiwa humu, mimi sikanyagi tena."

"Dada, nimebaki na huyu tu."

"Na mimi je? Mimi si mtu?"

Dada akaenda zake.

Wiki hiyo jirani wa fundi, daktari wa mifugo, alileta mabuti yake yaliyokuwa yakivuja. Yeye hakuyarusha. Alisimama getini akamtazama Komeo akibweka.

"Amechanjwa kichaa cha mbwa?" aliuliza.

"Amechanjwa, mama daktari."

"Vizuri. Sasa mtazame mkia, ameufyata. Masikio ameyalaza. Huyo si mkali, fundi. Anaogopa."

"Komeo aogope? Mtaa mzima unamkimbia yeye."

"Na yeye angekimbia, ila umemfunga kamba."

Fundi alicheka kidogo. Daktari akaendelea. "Mbwa wote asili yao ni mbwa mwitu wa kale, wa nchi za baridi. Mbwa mwitu huishi na jamaa zake. Huwinda nao, hulala nao. Huogopa asiyemjua. Kwa maelfu ya miaka wale wapole walikaa karibu na watu, wakawa mbwa. Lakini mtoto wa mbwa hujifunza watu mapema, katika miezi mitatu ya kwanza. Hapo inabidi aone wakubwa, watoto, baiskeli, asikie na kelele. Wako alimwona mtu mmoja. Jamaa yake ni wewe. Wengine wote kwake ni hatari."

"Kumbe nimemharibu mwenyewe," fundi alisema. Roho ilimuuma.

"Hajaharibika. Atachelewa tu. Humu ndani una nini cha wageni?"

"Viatu, basi."

"Anza na viatu. Harufu ya mtu imo humo. Weka kiatu, tupia kipande cha nyama kando yake. Usimpige, usimsukume. Akirudi nyuma, mwache. Akizoea, mtu asimame mbali, nje ya geti, nawe umpe nyama. Akitulia, mtu asogee kidogo. Na mgeni akiingia, mbwa awe na kamba na kifunga mdomo."

Komeo aliyangurumia mabuti ya daktari siku nzima. Mwishowe njaa ilishinda woga, akala nyama iliyokuwa kando yake. Baadaye alilala karibu na mabuti hayo. Fundi akaona kazi imekwisha, akamkaribisha mteja ndani haraka haraka. Komeo akapandwa na wazimu upya. Ikabidi waanze mwanzo, polepole.

Ndipo fundi akaomba ndala kuukuu za dada yake. "Sasa mbwa naye anavaa ndala?" dada aliuliza, lakini alizileta. Komeo alizinusa kila siku. Dada akasimama ng'ambo ya barabara, bila kumkodolea mbwa macho. Baada ya majuma kadhaa akafika getini. Kisha, asubuhi moja, akaingia akakaa kwenye benchi.

Komeo, kamba shingoni na mdomo umefungwa, alinusa miguu yake. Akanusa tena, halafu akajilaza chini. Dada alifuta machozi, na fundi alifuta yake.

Siku hiyo fundi aliongea mpaka sauti ikamkauka. Alimtaja mke wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Jua lilipozama, dada alijifunga kitambaa chake cha kichwa.

"Acha niende, giza linaingia."

"Kaa kidogo."

"Kesho nitakuja tena, mdogo wangu."

"Najua," fundi alisema. "Kaa kidogo tu, dada."

Dada akakaa.