Kitambulisho cha Sitara

Adhuhuri ile feri ya Kilifi ilikuwa imejaa malori na vikapu vya korosho. Radhia binti Hamad alikuwa akijipepea kwa ncha ya mtandio aliposikia sauti nyuma yake.

"Samahani, bibie. Wamjua mwenye boti iitwayo Sitara? Nimeambiwa ni bwana mmoja mkali sana."

Radhia akageuka, buibui likafunguka kidogo na kuonyesha gauni la rangi ya zafarani. Mbele yake alisimama kijana mrefu. Shati lake jeupe lilipigwa pasi barabara, ila kucha zilikuwa na mafuta ya mashine.

"Mkali, ndiyo," akajibu. "Bwana, sivyo."

Kijana akashika kichwa, kisha akacheka mpaka abiria wakamgeukia. Aliitwa Aly Kiponda, fundi wa injini za boti kutoka Malindi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1986, na Radhia alikuwa akiiuza Sitara apate kufungua duka la kushonea nguo. Boti ile alipewa na babake, akaiendesha mwenyewe akiwapeleka wageni kuvua, mpaka manahodha waliomcheka wakawa wanamwomba ushauri. Aly alipoiwasha injini, alifumba macho akaisikiliza kama mtu anayesomewa kasida. Radhia akamtazama, moyo ukamdunda.

Walipokubaliana bei, Radhia akaigusa redio iliyokuwa kando ya usukani.

"Boti ni yako, lakini hii bado yangu. Ina kitambulisho chake, herufi na tarakimu, nacho kimeandikishwa Mombasa kwa jina langu na simu ya nyumbani kwetu. Ukipatwa na jambo baharini, nitakayeulizwa ni mimi. Tujaze fomu, tutie sahihi sote wawili, kisha uzipeleke upate leseni kwa jina lako."

"Nitafanya, Bi Radhia."

Basi Aly akawa haishi kuja Kilifi. Ijumaa hii sahihi imekosewa, Ijumaa ile namba ya redio haisomeki, mara wino umemwagika. Haji mikono mitupu, huja na haluwa. Na siku asizokuja, hupiga simu.

"Redio yangu haijambo?" Radhia huuliza.

"Haijambo, yakusalimu. Yasema imekukumbuka."

"Na fundi wake?"

"Huyo ndiye mgonjwa, laazizi."

Dorcas, shoga yake wa Kibarani, ndiye aliyemtia wasiwasi. "Mwanamume asiyetaka kuandikisha chombo kwa jina lake ana lake jambo," akamwambia. "Akivunja sheria, utakayeitwa ni wewe."

Radhia akapiga simu ofisi ya leseni Mombasa. Akaambiwa hakuna fomu yoyote iliyofika. Pale pale akampigia Aly karakanani.

"Aly, zile fomu ulizipeleka wapi?"

Aly akaanza kumwuliza hali ya babake.

"Nakuuliza! Umelifanya jina langu mwavuli wa kujifichia?"

"La, wallahi! Kesho nakuja nikueleze."

"Usije. Jumatatu naenda Mombasa, kitambulisho kifutwe." Akaikata simu, akaingia chumbani na kulia kilio cha ndani kwa ndani.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, simu ikalia.

"Bi Radhia Hamad?" Ilikuwa sauti ya mwanamume wa kituo cha redio za vyombo vya baharini. "Boti yako Sitara imeomba msaada. Tumepata kitambulisho tu, kisha sauti ikakatika. Ni boti ya namna gani?"

Angeweza kusema, "Nimekwisha kuiuza." Lakini sauti haikumlegea. Alijua, bila ya kuambiwa, kwamba Aly alikuwa njiani kuja kwake.

"Nyeupe, ina mstari wa kijani ubavuni. Nahodha ni Aly Kiponda, ametoka Malindi kuja Kilifi. Kwa upepo huu wa kusi, injini ikizima atasukumwa kaskazini. Mtafuteni nje ya mwamba, kati ya Uyombo na Watamu. Na msimkose, nawaomba."

Hawakumkosa. Alasiri boti ya wavuvi iliikokota Sitara mpaka Kilifi. Radhia alikuwa gatini, leso mbili mabegani, macho mekundu. Aly akashuka ameroa chapachapa.

"Fomu ziko wapi?"

"Zilikuwa mfukoni. Zimeroa."

"Zilikuwa hazijakamilika?"

"Zimekamilika tangu Ijumaa ya kwanza." Akainamisha kichwa. "Ningezipeleka Mombasa, ningekuja tena Kilifi kwa kisingizio gani?"

Radhia alitaka kumfokea, kicheko na machozi vikamtoka pamoja. "Mwendawazimu wewe! Ungekufa kwa jina langu!"

"Ni jina zuri la kufia."

"Nataka mume wa kuishi, Aly, si wa kufa."

Jumatatu walikwenda Mombasa pamoja, wakajaza fomu mpya, na kitambulisho cha redio kikahamishiwa kwa Aly Kiponda. Ijumaa iliyofuata Aly akabisha hodi kwa Mzee Hamad, kanzu imenyooka, ami yake ubavuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo tena umekosea sahihi?"

"Leo sina karatasi, mzee. Nimekuja kumposa Radhia."

Mzee Hamad akageukia pazia la mlango. "Mwanangu, umesikia. Nimjibuje?"

Nyuma ya pazia sauti ya Radhia ikasikika, imejaa kicheko:

"Mwambie nimekubali, baba. Ila jambo hili asilicheleweshe!"